Siku Sekela Alipokimbia Bila Miwani

Mbeya,
12 Februari 1956

Dada yangu Tusekile,

Ugonile, nakusalimu. Natumaini barua hii itakukuta umekaa chini, ingawa najua jiko la shule yenu halina kiti. Mimi ni mzima. Mvua haijatuacha tangu Krismasi, na mlima Loleza sijauona juma la pili sasa. Mama mkubwa Tupokigwe anakusalimu. Goti lake bado linamsumbua, lakini anapanda kilima kwenda kanisani na hataki kushikwa mkono. Cherehani yangu ni nzima, na baraza la Mhindi ni lile lile.

Sasa neno la mtoto. Sekela amefika kwako na miwani usoni, na watu wa Kihesa bila shaka wameshangaa. Mwalimu wake wa darasa la nne huku ndiye aliyegundua. Mtoto alikuwa hanakili ubao, ananakili daftari la jirani yake, makosa kwa makosa. Daktari wa macho alipopita hospitali ya misheni akampima, akasema kitabu anakiona vizuri, lakini mtu aliye hatua kumi kwake ni kivuli tu. Miwani ilichukua miezi minne kufika kutoka Dar es Salaam.

Nakuomba jambo moja. Wakati wa michezo aivue. Kioo ni kioo. Pale Mwanjelwa namfahamu mtu aliyepasukiwa na kioo cha taa, na jicho moja limekwenda. Atuganile wangu hayupo tena. Mtoto akipofuka, nitalia na nani?

Akae kwako mpaka nyumba yangu itengemae. Usiniulize ni lini.

Mdogo wako,
Isakwisa

*

Kihesa, Iringa,
15 Aprili 1956

Mdogo wangu Isakwisa,

Barua yako niliisoma nimesimama. Mimi sijambo, kifua tu wakati wa baridi ya asubuhi. Mahindi yamebeba vizuri mwaka huu. Mwezi uliopita marehemu mume wangu Kalinga alitimiza miaka mitatu kaburini, ndugu zake wakaja, wakala, wakaenda. Nilifagia uani nikaona nyumba imekuwa kubwa tena. Ila sasa kuna viatu viwili vidogo mlangoni.

Mtoto wako anasalimu "kamwene" kama Mhehe wa kuzaliwa. Siku ya kwanza alinitazama kutoka uwanjani, mimi niko mlangoni mwa jiko, akaja mbio kuniambia, "Shangazi, kumbe hata ukiwa mbali unakunja uso." Tangu hapo najitahidi.

Mwalimu wa michezo ni Mwalimu Evarista, Mbena mrefu mwenye filimbi shingoni. Amemtia katika netiboli. Isakwisa, mtoto huyu anadaka. Mpira ukiwa bado angani amekwisha kufika chini yake. Mwalimu aliniuliza kama huko Mbeya alikuwa anacheza. Nikamwambia huko mpira ulikuwa unamfikia usoni ndipo anajua kwamba umerushwa.

Ndiyo, alikuwa amevaa miwani. Barua yako nilikuwa nimeiweka ndani ya Biblia, na siku ile nilijisahau. Wewe unasemaje? Anacheza kwa furaha, nami sijamwona mtoto wa Atuganile akicheka hivyo tangu mazishi.

Likizo ya Pasaka wasichana wa bweni wote walikwenda kwao. Sekela alikaa kwenye ngazi ya jiko akachambua maharage ambayo yalikwisha kuchambuliwa. Aliniuliza baba anakuja lini. Nikamwambia barabara imeharibika kwa mvua. Sijui kama ni kweli.

Dada yako,
Tusekile

*

Mbeya,
10 Juni 1956

Dada Tusekile,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi imekuwa nyingi, sare za shule na nguo za kipaimara. Baridi imeanza kwa nguvu. Asubuhi vidole havishiki sindano. Mama mkubwa anauliza kama kifua chako unakipaka mafuta ya ng'ombe alivyokufundisha.

Nimempa dereva Jailos gauni la Sekela, la bluu, lina mifuko miwili. Nimelikata kwa kukisia. Likimbana, upindo wa chini nimeuacha mpana.

Kuhusu miwani, jibu langu ni lile lile. Najua anadaka. Nimefurahi kusikia anadaka. Lakini mpira ni wa ngozi, na wasichana wa shule ya kati wana nguvu. Siku moja tu inatosha. Avue, ampe mwalimu amshikie, acheze vile anavyoweza. Nakuomba usijisahau tena.

Swali la Sekela nimelisoma pia. Barabara kweli ilikuwa mbaya.

Isakwisa

*

Kihesa,
22 Julai 1956

Mdogo wangu,

Gauni limefika. Limembana mabegani, kwa hiyo nimeufumua upindo na kutengeneza kiraka cha kwapa. Amerefuka. Ungemwona usingekisia hivyo.

Nimefanya ulivyotaka. Sasa nikueleze kilichotokea, maana nimekaa nacho siku nane na bado kinaniuma.

Jumamosi iliyopita palikuwa na mashindano ya mabweni, mbio za kupokezana kijiti. Sekela alikuwa wa pili. Alivua miwani akampa Mwalimu Evarista, akasimama kwenye mstari wake. Akapokea kijiti vizuri, kwa kuwa msichana aliyemletea alikuwa anapiga kelele. Akakimbia. Ana mbio, mwanao, ana miguu ya mama yake. Lakini mbele yake walikuwa wamesimama wasichana wanne wamenyoosha mikono, wote sare moja, na aliyepaswa kumpokea, Tekla, alikuwa amenyamaza kama alivyofundishwa. Sekela akampa kijiti msichana wa bweni jingine. Yule msichana akakitazama, akakitupa chini. Uwanja mzima ukacheka. Walimu pia walicheka, nisikufiche.

Alibaki amesimama pale pale, anageuza kichwa huku na huku akitafuta wanacheka nini. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Hakujua kwamba wanamcheka yeye.

Sasa wanamwita Popo. Nilimkuta nyuma ya stoo ya kuni. Nikamwambia, "Wapuuze." Akasema, "Siwaoni, shangazi, nitawapuuzaje?"

Katika barua zako mbili umeniandikia macho, macho. Mtoto mwenye macho hayo hujaniuliza habari zake hata mara moja. Anakula nini, analala vipi, anakuota au hakuoti. Tarehe sita Oktoba ni siku ya michezo ya shule yote, na wazazi wamealikwa. Njoo uone kwa macho yako, halafu uniambie avue au asivue.

Tusekile

*

Mbeya,
9 Septemba 1956

Dada Tusekile,

Ndaga, dada, pole kwa yote. Barua yako niliisoma barazani, nikaharibu kola mbili za mteja siku hiyo.

Huku kumekauka na vumbi limeanza. Mama mkubwa alianguka kwenye ngazi za kanisa lakini hakuvunjika. Nyumba yangu nimeipaka chokaa na nimeongeza chumba kimoja nyuma.

Nitakuja tarehe sita. Mwambie Sekela. Nitapanda basi la Ijumaa. Nina neno la kuwaambia ninyi wawili, na karatasi haitalibeba.

Lakini mwambie pia akimbie bila miwani. Mbio za kunyooka tu, mstari umechorwa chini, atauona. Mwambie baba yake atakuwa pale anatazama, na anataka kumwona anatii.

Isakwisa

*

Kihesa,
14 Oktoba 1956

Isakwisa,

Salamu za hapa ni chache. Mimi ni mzima, mtoto ni mzima.

Ijumaa jioni alioga akavaa gauni la bluu, akaenda kituo cha basi na mtoto wa jirani. Basi lilikuja limechelewa, giza likiingia. Alisimama karibu na mlango akamtazama kila aliyeshuka mpaka kondakta akafunga. Akarudi akasema labda umekuja na lori la Jailos.

Jumamosi alikimbia mbio za yadi mia. Nilimwambia mwenyewe, "Vaa miwani, nitajibu mimi kwa baba yako." Akakataa. Akasema, "Baba alisema anataka kuniona natii." Akamwachia Mwalimu Evarista miwani na akakimbia macho yakiwa chini kwenye chokaa, kama mtu aliyeangusha sindano. Alikuwa wa tatu katika sita. Kwa hali ile, kuwa wa tatu ni kufika mbali.

Baada ya hapo alikwenda peke yake mpaka karibu na ua wa katani, akasimama akitazama upande wa barabara. Kisha akaja kwangu jikoni. Akauliza, "Baba amefika?" Nikamwambia akanywe uji.

Hajakutaja tangu siku hiyo. Anafanya kazi zake, anasali, analala. Nguo anazifua mwenyewe. Kama una neno la kusema, liandike tu. Karatasi hubeba mengi.

Tusekile

*

Mbeya,
4 Novemba 1956

Dada yangu,

Nimeanza barua hii mara tatu. Salamu zangu uzichukue kama zilivyo.

Nilikuja.

Basi liliharibika Sao Hill Ijumaa. Abiria wengine walichukuliwa na basi jingine, bila shaka ndilo Sekela alilolingoja, mimi nikalala humo ndani na wengine waliobaki, tukafika Iringa Jumamosi saa nne. Nilikwenda moja kwa moja shuleni na kifurushi changu. Sikuingia langoni. Nilisimama nje ya ua wa katani, nikitafuta maneno, kwa sababu ya lile neno nililotaka kuwaambia. Nitalisema sasa.

Nimeoa, dada. Mke wangu anaitwa Juliana, ni mtu wa Tukuyu, alikuwa akifundisha wanawake kushona pale misheni. Tulifunga ndoa Novemba mwaka jana, kimya kimya, mtoto akiwa kwa mama mkubwa. Mama mkubwa anajua, nilimwapisha asiseme. Mwezi wa nane tumepata mtoto wa kiume, Andendekisye. Sekela alinitazama kaburini kwa mama yake akaniambia, "Sasa tumebaki wawili." Ningemwambiaje kwamba tumekuwa wanne? Nilimleta kwako nikisema ni kwa ajili ya shule. Shule ilikuwa sababu, lakini si sababu ya kwanza.

Nilimwona akikimbia. Nilimwona anakuja wa tatu. Halafu akaja mwenyewe kuelekea ua, akawa karibu nami, sidhani hatua kumi na tano zilifika. Nikainua mkono. Alinitazama, dada. Alinitazama usoni kwa muda mrefu, uso wake haukubadilika hata kidogo, kisha akageuka akaenda zake.

Nikasema, ameshajua. Jailos amemwambia, au mtu mwingine. Ameniona na amenikataa, na ana haki. Nikashindwa kuita. Nikarudi kituoni nikalala huko, na Jumapili nikapanda basi la kurudi. Kifurushi kilikuwa na koti lake. Kiko hapa.

Sasa umesikia yote.

Isakwisa

*

Kihesa,
18 Novemba 1956

Isakwisa, mdogo wangu,

Hakukuona.

Naandika neno hilo peke yake ili ulisome kwanza. Hakukuona. Miwani ilikuwa mfukoni mwa Mwalimu Evarista, kwa amri yako. Mtu aliye hatua kumi kwake ni kivuli. Wewe ndiye uliyeniandikia hivyo. Alikuwa anatazama upande wa barabara, akaona kitu kirefu kimesimama nje ya ua. Mwanao hunijua mimi kwa kikohozi. Mwalimu humjua kwa filimbi. Wewe uliinua mkono, mkono hauna sauti. Ungemwita. Neno moja tu, Sekela, angekuja mbio akaruka katani.

Nimemwambia. Nilimwambia yote, na la Juliana, na la mtoto, kwa kuwa nimechoka kuficha. Tulikuwa tunapukuchua mahindi. Alipukuchua mpaka gunzi likaisha mkononi. Akauliza, "Alisimama upande gani?" Nikamwambia kwenye kona, karibu na mlango wa ng'ombe. Akasema, "Kile kirefu? Nilidhani ni nguzo." Akachukua gunzi jingine. Baadaye akauliza kama mtoto ana macho mazuri. Nikasema ni mdogo bado, hakuna ajuaye. Akasema, "Wamwangalie mapema."

Jambo la pili. Miwani sasa anavaa uwanjani, na sikukuomba ruhusa. Mwalimu Evarista ametoboa ncha za mikono ya miwani kwa sindano ya moto, nami nimeshona utepe wa lastiki unaozunguka kisogoni. Jumamosi mpira ulimpiga usoni kweli, kama ulivyotabiri. Nilikuwa mlangoni na mwiko mkononi. Alianguka akakaa. Nilifika kwake sijui vipi, na miguu yangu hii. Kioo kilikuwa kizima. Pua ilikuwa imechubuka kidogo upande wa kushoto. Akafuta vioo kwa gauni, akaniambia, "Shangazi, toka uwanjani, tunacheza."

Hofu yako naijua sasa, niliionja pale. Si ya kijinga. Lakini nimeona pia alivyokuwa bila miwani, amesimama katikati ya watu wanaomcheka, hajui. Kati ya hofu hizi mbili mimi nimechagua.

Shule inafungwa tarehe saba Desemba. Njoo.

Tusekile

*

Mbeya,
6 Januari 1957

Dada yangu mpendwa,

Heri ya mwaka mpya kutoka kwetu sote watano, nikimhesabu mama mkubwa, ambaye amehamia chumba cha nyuma na kusema ni cha baridi.

Nakushukuru kwa siku ile nilipokuja kumchukua Sekela. Nilijua umekaa jikoni makusudi ili tukutane wawili. Sitaandika tuliyosema, hayakuwa mengi. Njiani alikaa dirishani akanisomea kila kibao cha barabarani mpaka Chimala, hata vya vijiji ambako basi halisimami.

Yeye na Juliana walikuwa kama wageni wawili kwa siku kumi. Ya kumi na moja niliwakuta wanabishana juu ya pindo, na wote wawili walikuwa wamekosea. Andendekisye anavuta miwani akiipata. Sekela hamkatazi.

Ana wenzake hapa, wamefunga kitanzi cha fito juu ya mti nyuma ya kanisa. Juzi nilikwenda kutazama. Kila mpira ulipopanda nilishika magoti yangu. Sikumwambia avue. Alidaka sita, nilihesabu.

Dada, kuna neno gumu. Shule ya kati ya wasichana iliyo huku imekubali kumchukua darasa la sita. Nimemuuliza mwenyewe. Alifikiri siku mbili akasema atabaki. Alilia pia, kwa ajili yako, lakini amesema atabaki. Naomba baraka yako, na sanduku lake umpe Jailos.

Mdogo wako,
Isakwisa

*

Kihesa,
24 Februari 1957

Mdogo wangu Isakwisa,

Nimechelewa kujibu. Mvua ilikuwa nyingi, ukitaka sababu hiyo. Wewe na mimi tumezoea kuilaumu barabara.

Mimi sijambo. Mahindi yanapaliliwa. Shule imefunguliwa, wasichana wapya wawili wanalia usiku, na uji ni ule ule. Sanduku nimempa Jailos. Ndani kuna daftari zake, utepe wa akiba wa miwani, na soksi nilizofuma. Mwalimu Evarista anauliza nani atadaka mwaka huu.

Baraka yangu unayo. Mtoto akae kwa baba yake, ndivyo inavyopasa. Sasa nisikilize, kwa maana hili sitaliandika mara mbili.

Nilikuona.

Siku ile ya Oktoba nilikuwa mlangoni mwa jiko. Nilikuona tangu ulipoweka kifurushi chini. Ningekosaje kukujua, nami nilikubeba mgongoni? Nilimwona mtoto akija kuelekea kwako, nikaona unainua mkono, nikajua haoni. Mimi nilijua wakati ule ule. Halafu akageuka, na wewe ukachukua kifurushi, nikaona mgongo wako unakwenda. Umbali ule nimewahi kumwita mbuzi akasikia. Sikuita.

Alipokuja kuuliza kama baba amefika, bado ulikuwa hujapita mikaratusi. Nikamwambia akanywe uji. Nikakuandikia barua ile, na ukiisoma tena utaona hakuna mahali nilipoandika kwamba hukuja. Nililikwepa neno hilo katika kila sentensi. Na nilipokuandikia kwamba ungemwita, nilikuwa nikijiambia mwenyewe.

Nilisema moyoni: amekuja kumchukua. Akimwita, amchukue. Asipomwita, ni wangu. Tangu Kalinga afariki nimekuwa nikipika chungu cha watu mia na sahani moja nyumbani. Hiyo si sababu ya kutosha. Naieleza tu kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo.

Ulikaa majuma sita ukiamini mtoto wako amekukataa. Yeye alikaa hivyo hivyo akiamini hukuja. Ningeweza kuwaondolea ninyi nyote wawili kwa pumzi moja.

Usimsomee Sekela barua hii. Mpe mkononi aisome mwenyewe. Akikasirika, mwache akasirike, msimharakishe. Akiwa bado anataka kuja Pasaka, nitakuwa kituoni tangu asubuhi. Najua atakuwa na miwani na ataniona kabla basi halijasimama. Nitamwita hata hivyo.

Dada yako,
Tusekile